Aliyesimama Kwenye Baridi ya Kilungu

Jumanne ya pili ya Julai, saa kumi na mbili kasorobo jioni, Mumbua alifunga mlango wa chumba cha mama mkwe wake kwa nje, akatia ufunguo mfukoni mwa sweta, kisha akaenda kuwafungia mbuzi.

Hakufanya hivyo kwa ubaya. Kalunde alikuwa na miaka themanini na mmoja, na kifua chake kilikoroma usiku kucha. Mwezi huo ukungu huishukia milima ya Kilungu hadi kwenye matuta ya kahawa, na manyunyu hupenya hata blanketi. Daktari wa zahanati alikuwa amesema waziwazi kwamba mzee wa umri huo asitoke nje baridi ikianza kuuma. Hata hivyo, kila jioni ya Julai Kalunde alichukua kikombe cha uji wa moto, akateremka peke yake hadi kaburi la mumewe chini ya boma, akaumwaga pale, akarudi akitetemeka.

"Huyo daktari?" alikuwa amecheka mchana ule. "Ndevu zenyewe bado zinamwogopa."

"Mwaitu, baridi itakuua." Wote pale nyumbani walimwita hivyo, mama. "Na kanisani watasema nini wakisikia tunamlisha marehemu?"

"Watasema watakavyo. Nisipoenda mimi, atakuja yeye."

Mumbua aliyachukulia kuwa maneno ya uzee. Mzee Kiema, huyo mume wa Kalunde, alikufa miaka mingi kabla yeye hajaolewa na Nzau. Hata picha yake haikuwapo.

Zizini, mbuzi walikataa kuingia. Walijikusanya pembeni, kimya, macho yakiwa yameelekea ua. Kisha ikaja harufu... ugoro, na udongo uliotoka kufukuliwa.

Palikuwa na mtu uani.

Mzee mrefu, shati jepesi limemgandama mwilini, miguu mitupu. Alikuwa amempa Mumbua mgongo, jinsi baba mkwe anavyomficha uso mke wa mwanawe kwa ile haya ambayo Wakamba huiita nthoni. Mumbua aliona ni adabu za watu wa zamani tu.

"Mzee, mbona uko nje na baridi yote hii?"

"Nimesimama sana," sauti ilinong'ona.

"Unatafuta nani?"

"Wa hapa."

Moyo ulimwuma. Aliolewa katika boma ambamo, kwa alivyojua, mzee hakuwahi kuachwa nje, na siku nzima alikuwa akihubiri kuwa wazee wasiguswe na baridi.

"Ingia jikoni uote moto. Wazee hawafai kuwa nje saa hizi."

Mzee hakusogea.

"Ni wewe unaniingiza?"

"Ndiyo. Karibu ndani, mzee wangu."

Alimtangulia. Nyuma yake hakusikia hatua, ila maji yakidondoka... tone... tone... Jikoni alimwekea kigoda karibu na mafiga, akaongeza kuni. Moto uliwaka vizuri, lakini chumba kilizidi kuwa baridi. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi alipofungua mlango wa Kalunde.

"Mwaitu, kuna mgeni. Mzee wa watu ameloa chepechepe. Nimemwambia aote moto."

Kalunde aliketi kitandani polepole.

"Anavuta ugoro?"

"Ananuka ugoro, ndiyo."

"Alikuonyesha uso?"

Hapo ndipo Mumbua alipokumbuka kwamba aliuona mgongo tu.

"Na wewe ndiye ulimkaribisha, Mumbua? Kwa mdomo wako?"

Hakukuwa na hasira katika sauti ile. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Alifia pale uani, Julai kama hii," Kalunde alisema. "Alibisha mlango. Nilikuwa nimeukomea mapema kwa sababu ya baridi, na nilipomsikia nikadhani ni upepo, nikajifunika. Asubuhi tukampata... Tangu hapo nampelekea uji, asiwe na haja ya kubisha tena."

"Mwaitu, usiende. Nakuomba."

"Nilishamfungia mara moja, mama."

Alivuka ua bila viatu, bila shuka. Mumbua alimshika mkono. Ukateleza mikononi mwake kama sabuni. Mlango wa jikoni ukafungwa kwa ndani.

Alisikia sauti mbili zikizungumza chini chini. Kisha sauti moja, ya mwanamke, ikilia kwa upole, kama mtu anayeomba msamaha na kupewa.

Kisha kimya.

Aliusukuma mlango kwa bega hadi saa kumi na mbili na dakika arubaini, ndipo ukafunguka wenyewe. Kalunde aliketi peke yake, mikono ameinyoosha juu ya makaa mekundu.

Mumbua aliishika.

Ilikuwa baridi kama mawe ya mtoni.

Daktari aliandika kuwa ni baridi iliyoingia kifuani. Nzau alifika kutoka Makindu alfajiri, akamwuliza mkewe swali moja tu: "Si nilikwambia usimwache Mwaitu atoke?" Mumbua alimweleza yote kwa mpangilio, dakika kwa dakika. Nzau alisikiliza mpaka mwisho, akatoka nje, na hakulitaja tena jambo hilo.

Jumamosi walimzika. Manyunyu yalianza kabla ya sala ya mwisho, na watu walipopanda kurudi bomani, ukungu ulikuwa umeyameza matuta yote. Wazee wa Kilungu walisimama uani wakisubiri, maana hawaingii kabla ya mama mwenye nyumba kuwakaribisha, na mama huyo sasa alikuwa Mumbua. Wengine aliwajua kwa majina. Wengine, waliosimama nyuma kwenye ukungu, hakuwajua.

"Waambie waingie," Nzau alinong'ona. "Wanaganda."

Mumbua aliwatazama. Neno moja la karibu lingewaingiza wote, hata wale wa nyuma.

"Mwanangu," bibi mmoja aliita, akijikunyata ndani ya leso, "hutukaribishi?"

Alifungua kinywa, na machozi yakamtangulia. Neno halikutoka. Wazee waliendelea kusimama wakinyeshewa, wakimtazama kwa heshima, na katikati yao mtu akaanza kukohoa.