Mgeni Tu, Mama

"Futa," dada alisema. "Futa yote, anza upya."

"Nimeshafuta mara tano."

"Basi hii iwe ya sita. Hebu jisomee mwenyewe. 'Kwa heshima na taadhima, mimi niliyetajwa hapo juu.' Umetajwa juu ya nini? Unaomba chumba cha siku tatu au unaomba kazi serikalini?"

Tulikuwa dukani kwake, anaposhona sare za shule. Yeye nyuma ya cherehani, mimi nimekalia robota la kitambaa, simu mkononi. Mimi ni fundi mizani. Nazunguka miji na begi la mawe ya kupimia, nakagua mizani za maduka na mabucha, na kila mji nalala kwa watu. Upo ukurasa mtandaoni wa familia zinazopokea wasafiri. Unajitambulisha wewe ni nani, unafanya nini, utakaa siku ngapi, na mwenyeji akiridhika anakukaribisha. Nimejitambulisha kwa nyumba zaidi ya arobaini bila wasiwasi. Siku hiyo kila nilichoandika nilikifuta.

Kisa ni picha. Mwenyeji mmoja wa mji wa mbali, anayejiita Chumba cha Uani, alikuwa ameweka picha ya kitanda kilichotandikwa shuka la viraka. Kiraka kimoja karibu na mto kilikuwa cha shati langu la kazi, la bluu, na doa la grisi lililoshinda sabuni zote. Shuka lile lilishonwa na Mwalimu.

Mwalimu ndiye mwanamke niliyempenda, na nilimpoteza kwa maneno mawili. Miaka mitatu iliyopita nilimpeleka nyumbani kumwonyesha kwa mama. Alikuwa amenunua viatu vipya kwa ajili ya siku hiyo. Mama yangu alishanichagulia mtu wake, na mimi, mwanaume mzima mwenye ndevu, nilikuwa naogopa sauti ya mama kuliko kitu chochote. Akasimama mlangoni, akamtazama Mwalimu toka utosini mpaka unyayoni, akaniuliza, "Huyu nani?"

Nikasema, "Mgeni tu, mama."

Mwalimu alikunywa maji aliyopewa, akashukuru, akaaga. Kesho yake namba yake haikupatikana, na shuleni alikofundisha wakaniambia ameomba uhamisho. Mwaka uliofuata mama akafariki. Kwa hiyo hata yule niliyemwogopa hayupo.

"Usijitaje jina wala kazi," dada alinishauri. "Akikujua atakufungia hata ujumbe usifike. Nimekufungulia akaunti mpya, nimekuita Mpita Njia. Fika kwanza, mengine utayasema kwa mdomo."

"Nitasema mbele ya yeyote atakayefungua mlango. Nitasema mimi ndiye mjinga niliyemwita mke wangu mgeni, nimekuja kulirudisha lile neno."

Dada alinyanyua mguu kwenye cherehani. "Hiyo sasa usiifute," alisema.

Ujumbe uliokwenda ulikuwa huu: "Habari za hapo nyumbani. Mimi ni mpita njia, mwanaume wa miaka thelathini na sita, natembea kikazi. Naomba chumba kwa siku tatu. Sivuti sigara, sikoromi, na kitanda natandika mwenyewe. Mzigo wangu ni begi moja la kilo kumi na moja na gramu mia mbili."

Jibu lilikuja kesho yake mchana. "Asante kwa kujitambulisha. Unakuja peke yako?"

"Peke yangu."

"Hujaoa?"

"Sijaoa. Na hapo nyumbani mko wangapi?"

Dada akamaliza kola mbili. Kisha simu ikalia.

"Niko na mama. Karibu Alhamisi."

Dada alininyang'anya simu akasoma kwa sauti. "Niko na mama. Umesikia? Mwanamke aliyeolewa hasemi niko na mama. Anakaa na mama yake, hajaenda popote. Kaka yangu, una bahati ya mtende."

Niliamini, kwa sababu nilitaka kuamini. Mama yake Mwalimu alinipenda, aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza. Dada akanishonea shati jeupe kwa kitambaa cha sare, nikatoka nafanana na kiranja aliyezeeka, na Alhamisi saa nne asubuhi nikawa nimesimama mbele ya geti la bati la kijani. Hotuba yangu niliijua yote kichwani.

"Hodi."

"Karibu, sukuma tu, halijafungwa."

Nikaingia uani. Palikuwa pamefagiwa, mistari ya mfagio bado inaonekana chini. Kwenye kamba ya nguo zilianikwa suruali mbili za mwanaume mrefu kunizidi. Nikajiambia ni za mgeni mwingine. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Mama aliyenipokea hakuwa mama yake Mwalimu. Yule alikuwa mfupi mwenye mwanya. Huyu alikuwa mrefu, kavaa miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Wewe ndiye wa siku tatu?" aliuliza. Akageukia ndani, akaita, "Mkwe wangu! Mgeni wako huyu amefika."

Mkwe wangu. Begi likaniponyoka mkononi, mawe yakagongana ndani yake.

Mwalimu alitoka akijifuta mikono. Alikuwa na ujauzito mkubwa, wa miezi saba au minane. Uso ni uleule, umejaa kidogo. Tulitazamana muda mrefu kuliko wanavyotazamana watu wasiojuana.

Mama mkwe alishusha miwani. Akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Mnafahamiana?"

Mwalimu aliendelea kujifuta mikono iliyokwisha kukauka.

"Mkwe wangu, si nakuuliza? Huyu nani?"

Lilikuwa swali lilelile. Niliona Mwalimu anafungua mdomo, anaufunga, anafungua tena. Nilijua ni neno gani analolitafuta, na niliona halitoki. Mkono wake ulikuwa umeshika tumbo. Hotuba yangu ilikuwa tayari, nimesafiri nayo usiku kucha. Ningeisema pale, ningekuwa nimeivunja nyumba ile kabla sijanywa hata maji.

"Mgeni tu, mama," nilisema. "Napita."

Mama akacheka, akaokota begi langu kwa shida. "Uchovu wa safari huo. Mlikuwa mmesimama kama mnadaiana."

Chumba kilikuwa uani kweli, kitanda kimoja, meza, dirisha la wavu. Shuka lilikuwepo. Mwalimu aliniletea taulo na ndoo ya maji. Mlango aliuacha wazi, na mama mkwe alikuwa kibarazani anachagua mchele, anatuona lakini hatusikii.

"Ulijua ni mimi?" niliuliza.

"Hakuna msafiri anayepima begi lake mpaka gramu."

Ningecheka kama ningekuwa na nguvu. "Mbona basi ulinikaribisha?"

"Nilitaka usimame mlangoni kwa watu, mtu aulize huyu nani, na mimi nikujibu kama ulivyonijibu. Nimelifanyia mazoezi neno hilo miaka mitatu. Nikifua nalisema. Nikisahihisha madaftari nalisema."

"Mbona hukulisema?"

Alikunja taulo lililokuwa tayari limekunjwa. "Halikutoka. Ndiyo nikajua bado sijapona."

"Uliniambia uko na mama."

"Si niko na mama? Huyo hapo nje ndiye mama. Nilifika mji huu na sanduku moja, mwanawe ndiye aliyenibeba kwenye lori lake. Akanishusha hapa kunywa maji. Akamwambia, 'Mama, huyu ndiye mke wangu.' Na mimi wala nilikuwa sijamkubalia, hata jina lake nilikuwa silijui vizuri."

"Ukakubali."

"Nilikubali kwa sababu ya yale maneno."

"Unampenda?"

"Ananitaja," alisema. "Popote tunapokwenda, kabla hajasalimia, ananitaja. Anarudi Jumamosi. Ni mtu mzuri, usije ukamchukia."

"Nilikuja kulirudisha lile neno, Mwalimu."

"Najua. Badala yake umelisema tena."

"Leo nimelisema kwa ajili yako."

"Hilo pia najua." Machozi yalikuwa yanamtoka, akageuzia mgongo mlango ili mama asione. "Kama siku ile ungekuwa na nusu ya moyo ulio nao leo, shati lako ningekuwa nafua mimi."

Nikashika pembe ya shuka. "Na hili, mbona unawatandikia wageni?"

"Nilitandike wapi?" aliuliza. "Chumbani kwangu?"

Akabeba ndoo tupu akatoka.

Sikukaa siku tatu. Asubuhi ya pili nilikwenda kuoga, nikarudi, nikatandika kitanda, nikafunga begi langu. Mama mkwe alinisindikiza mpaka getini.

"Mbona mapema hivi? Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, mama. Kazi imeisha."

"Mgeni mstaarabu hivi, na huna mke," alisema. "Mungu akupe wako."

Nikaitika amina. Mwalimu alikuwa kwenye kamba anaanua zile suruali. Hakugeuka.

Kabla ya kupanda gari nilipita bucha moja kukagua mizani. Mwenye bucha alitaka kuona kama inasoma sawa, nikaweka begi langu, kwa kuwa uzito wake naujua kwa kichwa. Ikasoma kilo kumi na moja, gramu mia mbili na kumi.

"Mizani yangu mbovu?" aliuliza.

Nikaipima kwa mawe. Ilikuwa nzima. Nikapekua begi, na chini ya nguo nikakuta kitambaa cha bluu kilichokunjwa mara nne, chenye doa la grisi, na nyuzi za ukingoni zimetoka kufumuliwa. Alikitoa shukani nilipokwenda kuoga. Wakati natandika kitanda nilikuwa nalia, sikuona hata tundu lake.

"Mizani yako iko sawa," nilimwambia, na yule mtu akaniletea kiti bila kuniuliza kitu.

Jumapili, nikiwa nimerudi dukani kwa dada, ukurasa ukaleta taarifa kwamba mwenyeji wangu ameandika maoni. Dada alisoma kimya, akanipa simu, akaendelea kushona bila kunitazama.

"Mgeni mzuri. Anajitambulisha vizuri, hana usumbufu, na anajua wakati wa kuondoka. Nyumba yoyote inaweza kumpokea."

Akaunti yangu ya zamani sijairudia. Natumia hiyohiyo ya Mpita Njia, yenye maneno yake, na tangu siku hiyo sijakataliwa popote. Kila mji nikiandika, jibu linakuja siku hiyohiyo: karibu sana, tumesoma alivyokusifu mwenyeji wako. Nafika, nabisha hodi, nasikia mama mmoja huko ndani anauliza wenzake, "Huyo nani?"

Siwasubiri wamjibu. Najibu mwenyewe, nikiwa bado nje, "Mgeni tu, mama."