Mlima wa Watu Wawili

Kiti kilikuwa kimoja tu, na begi la bwana mwenye koti la kodrai lilikuwa limekwisha kukikalia kwa raha zake. Gesche Tammen alikuwa ametembea tangu asubuhi, nyayo zinawaka moto.

"Hapa pana mtu?" akauliza.

"Pana begi," bwana akajibu, akalishusha haraka. "Karibu ukae. Likilalamika nitalinyamazisha."

Ilikuwa Oktoba, kwenye maonyesho makubwa ya michezo ya mezani mjini Essen. Kumbi zilijaa hadi watu wakapita ubavuubavu, na harufu ya kadibodi mpya ilichanganyika na ya soseji za kuchoma. Gesche alikuwa na miaka thelathini na mmoja, kazi yake kunyoosha viungo vya wagonjwa hospitalini Bochum. Siku hiyo alivaa koti la mvua la njano na skafu ya kijani aliyoifuma mwenyewe, yenye nyuzi zinazoning'inia. Mtu usiyemjua huko huitwa "ninyi" kwa heshima, hata akiwa peke yake. Lakini ukishakaa kwenye meza ya mchezo, heshima hiyo unaivua pamoja na koti.

"Naitwa Henner," bwana akasema. "Mchezo huu nimeubuni mwenyewe. Wasafiri wanavuka mlima wa theluji, wanamtafuta mwenzao aliyepotea."

"Mimi Gesche. Haya, nipoteze na mimi."

Wakacheza saa nzima pamoja na wageni wengine wawili. Kila mtu alikuwa na ubao wake, punda wake na dadu zake. Walikaa kimya kama watu wanaongoja kung'olewa meno. Mwisho wageni wale wakasema mchezo mzuri, wakaenda zao kutafuta soseji. Gesche akabaki.

"Niseme kweli?"

"Sema tu."

"Mlima umeuchora ukachoreka, baridi nimeisikia mpaka magotini. Ila kila mtu anapanda wa kwake. Mwenzangu kaanguka korongoni, mimi sina habari, nipo nalisha punda. Hata tungekuwa tunapanga matofali yangekuwa yale yale."

Henner akanywea. "Miaka mitatu, Gesche. Nimeutengeneza miaka mitatu."

"Pole. Lakini wapanda mlima hufungana kamba. Kamba yako iko wapi?"

Hakungoja jibu. Alichomoa uzi kwenye skafu yake, akafunga kete yake na ya Henner. "Sasa ukianguka, nami naburutwa. Naweza kukushika nikachelewa, au nikaikata kamba nikaenda zangu. Chagua utafungana na nani, kisha tuone roho za watu."

Henner akautazama ule uzi, kisha akacheka mpaka wa meza ya jirani wakageuka. "Umeniharibia mchezo wote!"

"Nimekuharibia upweke. Haya, cheza."

Walicheza mpaka vipaza sauti vikatangaza kufunga kumbi. Henner alimkata Gesche mara mbili, Gesche akamwita muuaji, na muuaji akaomba namba ya simu. Akapewa.

Henner Kattwinkel alikuwa mwalimu wa jiografia huko Wuppertal, mwendo mfupi wa treni. Kila Jumapili walikutana kuujaribu mchezo na marafiki, na katikati ya wiki simu hazikupoa.

"Kipanya changu, umekula?" Ndivyo wapenzi wa huko wanavyoitana, na panya mwenyewe hufurahi.

"Nimekula, hazina yangu. Ila punda wetu amekufa tena, duru ya pili tu."

"Umemlisha nini?"

"Mapenzi."

"Basi ndiyo maana! Mpe nyasi, mama, mapenzi nipe mimi."

Mwezi wa tatu mchapishaji mmoja akaukubali mchezo. Walirukaruka jikoni kwa Gesche mpaka jirani wa chini akagonga dari. Mwezi wa sita Henner akasafiri na wanafunzi wake, kabla ya kuondoka akamtumia Gesche karatasi za kijitabu cha kanuni. "Soma, uniambie kama kuna kosa," aliandika.

Gesche alifanya anachofanya kila mchezaji wa huko: alianza na ukurasa wa mwisho. Pale chini, kwa herufi ndogo, ndipo mbunifu huwashukuru waliomsaidia kuujaribu mchezo. Henner aliwashukuru wazazi wake, kaka yake, walimu wenzake, muuza mikate wa mtaani, na Bruno, mbwa wa jirani, aliyemeza dadu mbili. Gesche Tammen hakuwamo.

Akasoma tena kwa kidole, jina kwa jina. Kamba ilikuwa kila ukurasa, aliyeileta hayupo. Mbwa yupo! Machozi yakamtoka, akapiga simu.

"Bwana Kattwinkel, kazi yenu nimeisoma. Haina kosa. Nawatakieni kila la heri."

"Gesche? Ninyi? Tangu lini nimekuwa mgeni kwako?"

"Kwaherini."

Akaizuia namba yake. Henner aliporudi alikwenda Bochum, akapiga kengele, akasimama nusu saa juani na maua mkononi. Gesche alikuwa amekaa sakafuni jikoni, ngumi mdomoni. Ikaja barua, akairudisha posta bila kuifungua. Hasira hasara, lakini nani amwambie mwenye hasira? Alimkumbuka Henner kila alipokula na kila aliposikia kitu cha kuchekesha, na alijichukia kwa kumkumbuka.

Oktoba ikarudi. Mfanyakazi mwenzake, Ilka, akamburuta kwenye maonyesho kwa nguvu, kisha akapotelea kwenye umati. Baada ya muda simu ikalia.

"Njoo ukumbi wa tatu," Ilka akasema.

"Kuna nini?"

"We mwanamke, njoo! Ukibisha nakuja kukubeba."

Ilka alikuwa amesimama mbele ya boksi. Kwenye kifuniko palikuwa na mlima wa theluji na wasafiri wawili waliofungana kamba. Juu, mahali ambapo huko huandikwa jina la mbunifu kama la mwandishi wa kitabu, paliandikwa: Henner Kattwinkel na Gesche Tammen.

Gesche akalisoma jina lake kwa kidole. Hatua kumi mbele, Henner alikuwa akiwaelekeza wageni wanne mezani, mmoja wao bibi mwenye kofia ya zambarau. Alipomwona Gesche, dadu zikamponyoka.

"Hukunishukuru," Gesche akasema. "Mpaka mbwa ulimshukuru."

"Ule ni ukurasa wa wasaidizi. Wewe si msaidizi, mchezo ni wetu wote wawili. Mtu hajishukuru mwenyewe kwenye kijitabu chake."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka kukushangaza."

"Umenishangaza, Henner. Miezi minne nashangaa!"

Bibi wa kofia akaguna. Henner akatoa karatasi mfukoni, imechakaa kwa kukunjwa. "Boksi lile ni la mfano tu. Mkataba unataka sahihi mbili, na mwisho ni leo jioni. Wachapishaji waliniambia nikifuta jina lako, mashine zinaanza kesho. Nikawaambia basi zisianze."

"Miaka yako yote ile? Ungeiacha ipotee?"

"Kabla hujaja nilikuwa na mlima, sikuwa na mchezo. Hilo nalijua, na sitalisahau."

Gesche akalia mbele za watu, wala hakujali. Alimshukuru Mungu wake kwamba mtu huyu ni mkaidi. "Nisamehe," akasema. "Nilihukumu bila kuuliza, nikakufungia mlango, na barua yako nikairudisha. Nisamehe, hazina yangu."

"Nimekusamehe tangu ile kwaherini."

Bibi akampa kalamu. Gesche akaweka sahihi, kisha akabaki ameishika ile kalamu, uso umemwiva.

"Kuna ofisi nyingine inataka sahihi zetu mbili," akasema polepole. "Ile ya ndoa, Bochum. Unaonaje, Henner? Utanioa?"

Machozi yakamlenga Henner. Neno lililomjaa kifuani lilikuwa moja tu, likatoka lenyewe.

"Asante."

Gesche akabadilika rangi. Katika nchi ile, ukikaribishwa kahawa ukajibu "asante" tu, umeikataa.

"We kijana!" bibi wa kofia akapiga meza, vikete vikaruka. "Asante ndiyo, au asante hapana?"

"Ndiyo!" Henner akaruka juu ya begi lake, akamkumbatia Gesche na koti lake la njano. "Ndiyo, kipanya changu. Asante, ndiyo!"