Saa Inayokosea Upande Mmoja

"Samahani, dada, usikanyage hapo. Samahani, kaka."

Mwanamume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi ikakolea alikuwa amepiga magoti kwenye korido ya maduka, watu wakimpita kutoka kazini, akipapasa sakafu. Fundi saa, dada mwenye meza yake hapohapo koridoni, alimwona. Akainuka, akainama mara moja tu, akaokota skrubu ndogo kama chembe ya sukari.

"Ndiyo hii iliyokupigisha magoti?"

"Inashika lenzi ya mashine yangu. Umeionaje?"

"Nakula kwa macho haya, kaka."

Mwanamume huyo alikuwa mtafiti wa hospitali ya macho. Mashine yake humulika duara za mwanga juu ya jicho, ikasoma mpindo mwembamba kuliko unywele. Fundi saa, asiyewavumilia watu wa "kama milimita tano hivi", alimpenda palepale.

Miezi mitatu ya simu ikafuata.

"Mpenzi, umekula?"

"Nusu sahani."

"Nusu kamili?"

"Pungufu ya kijiko kimoja."

Siku moja mtafiti alimwalika maabara ampime jicho. Fundi saa akavaa gauni la samawati, akaweka kidevu kwenye kishikio cha mashine.

"Tazama taa ya kijani, usihamishe macho."

Mtafiti alipima mara nne, kisha akazima mashine na kumsindikiza mlangoni. Tangu siku hiyo simu zikawa za kuhesabika. "Nina kazi kidogo," alisema. Fundi saa aliumia sana. Mtu huyu hakuwahi kusema "kidogo" bila kutaja ni kiasi gani.

Siku ya kumi akamfuata maabara.

"Kama una mwingine, niambie."

Mtafiti aligeuza skrini, macho yamemjaa machozi. "Kioo cha mbele cha jicho lako kinapinda. Ugonjwa huu hula uwezo wa kuona. Kila siku narudia hesabu nikitafuta kosa langu. Ningekuambiaje wewe?"

Akilini fundi saa aliiona meza yake, kibano chake, saa za watu zikimsubiri. Kisha akazitazama zile picha nne kwa jicho la kazi.

"Zote zimepinda upande mmoja?"

"Wa kulia."

"Saa inayokosea upande uleule kila siku si mbovu, imewekwa vibaya. Siku ile wewe ulikaa wapi?"

"Kulia kwako."

Fundi saa aliona haya. "Basi sikutazama taa. Nilikuwa nakutazama wewe. Mtaalamu mzima hukuona?"

"Wakati napima sikuwa naangalia skrini," alisema mtafiti polepole. "Nami nilikuwa nakutazama."

Mama wa vipimo, aliyefanya kazi chumba cha pili, aliitwa apime upya. Mtafiti alifukuzwa nje. Dakika tano baadaye mlango ulifunguliwa.

"Jicho zima kabisa," alisema mama. "Ila huyu usimpime tena wewe."

Fundi saa alitoka na kumkuta mtafiti amepiga magoti koridoni.

"Umeangusha skrubu nyingine?"

"Sijaangusha kitu. Nataka kukuoa, hivi karibuni."

Alilitazama shati lake, likiwa limekunjamana kwa mara ya kwanza, na machozi yakamtoka.

"Nimekubali. Ila hiyo 'hivi karibuni' siitaki. Nitajie tarehe."