Onyo Alilolisikia Redio

Mtaa mzima ulimwita fundi wa kufuli Redio. Ukimpelekea ufunguo akuchongee mwingine, ulirudi nyumbani na funguo mbili na habari za majirani wote. Asubuhi hiyo alikuwa anapiga tupa ufunguo wa kabati huku akimsimulia mteja harusi iliyovunjika. Polisi wawili wakasimama mlangoni.

"Wewe ndiye fundi Redio? Duka la dawa hapo mbele limeibiwa. Kufuli halikuvunjwa, limefunguliwa kwa ufunguo. Twende kituoni."

Redio akaweka tupa chini. Kufuli la duka lile alilitengeneza yeye.

Mkewe, aliyekuwa anauza vitambaa kibanda cha pili, aliacha mkasi na mteja wake palepale. "Nakwenda kumwita mdogo wangu," alisema. Mdogo wake alikuwa wakili wa kituo cha msaada wa kisheria. "Mngoje. Umenisikia? Mngoje!"

Kituoni, Redio alikalishwa kwenye chumba chenye meza na viti vitatu. Sajini alifungua kalamu.

"Unatuhumiwa kuiba dukani. Kwa hiyo nakupa onyo. Si lazima useme lolote. Lakini ukisema, yataandikwa, na yanaweza kutumika kama ushahidi mahakamani."

Katika maneno yote hayo, Redio alishika moja tu: onyo. Zamani, alipovunja mashine ya tajiri wake, alipewa onyo, akaambiwa aende nyumbani. Kumbe na hapa wamemsamehe! Akashusha pumzi.

"Asante sana, afande," alisema. "Sitarudia tena."

Sajini akainua kichwa. "Hutarudia nini?"

Redio akachanganyikiwa. Msamaha gani huu wenye maswali? Chumba kikawa kimya, na kimya ndicho kitu asichokiweza.

"Chochote kile, afande! Mimi kufuli za mtaa huu nazifungua macho nimefumba."

Kalamu ikakimbia juu ya karatasi.

"Basi naweza kwenda?"

"Kwenda wapi? Tia sahihi hapa."

Redio alichukua kalamu. Hakuelewa anatia sahihi ya nini, lakini kumkatalia askari aliona ni utovu wa adabu. Mlango ukagongwa.

"Shemeji, weka hiyo kalamu chini!"

Alikuwa wakili. Aliomba kuzungumza na mteja wake peke yao, na sajini akatoka.

"Shemeji, wamenipa onyo, halafu hawaniachii," Redio alilalamika.

"Onyo la polisi si msamaha. Wala si kitisho. Ni kukujulisha haki yako. Unaweza kunyamaza, na unaweza kuomba wakili kabla ya kujibu. Ulichokisema kinaweza kukurudia mahakamani. Sasa umesema nini?"

Redio akamweleza. Wakili akajishika kichwa.

"'Sitarudia'? Shemeji, hapo umejifunga mwenyewe kamba!"

"Lakini mtu akikuuliza, usipomjibu si dharau?"

"Nyumbani ni dharau. Hapa ni haki. Taja jina lako na unapokaa. Usikimbie, usigombane, usidanganye. Mengine sema, 'Naomba wakili wangu awepo,' halafu unyamaze. Na usitie sahihi maneno usiyosomewa ukayaelewa."

"Kunyamaza kabisa?"

"Najua. Kwako ni adhabu."

Sajini aliporudi, wakili aliomba maelezo yasomwe kwa sauti. Redio alijisikia aibu. Yalikuwa maneno yake kweli, lakini yalisikika kama ya mwizi.

"Nilidhani nimesamehewa, afande," alisema. "Naomba na hilo liandikwe."

Sajini akaliandika. Kisha akauliza maswali mengine. Kila mara Redio alimtazama shemeji yake kwanza. Shemeji alipotikisa kichwa, Redio aliuma mdomo, jasho likamtoka. Mwishowe wakili alimnong'oneza, naye akasema jambo moja tu:

"Naomba kuliona kufuli lililofunguliwa."

Kufuli likaletwa. Redio akaligeuza mara moja. "Hili si nililotengeneza mimi. Hili ni jipya."

Mwenye duka alipigiwa simu. Akakumbuka kwamba kweli, alibadilisha kufuli baada ya lile la zamani kupata kutu, na funguo zote alikuwa nazo yeye na mfanyakazi wake. Jua lilikuwa halijazama Redio alipoambiwa aende zake. Sajini alikwenda kumhoji mfanyakazi, na yeye pia alipewa onyo kwanza.

Nyumbani, mkewe alikuwa anamngoja mlangoni, mikono kiunoni.

"Haya, nieleze. Umewaambia nini huko mpaka mdogo wangu anacheka njia nzima?"

Redio akajinyoosha. "Mke wangu, mimi si lazima niseme lolote."

"Huko kwa polisi," alijibu mkewe, akivuta kiti. "Kaa hapa. Anza mwanzo."