Bangili Haioni Kalamu

Kalamu ilipasuka ndani ya mashine ya kufulia. Makoti ya wauguzi yaliingia meupe, yakatoka na madoa ya bluu.

Bosi wa kiwanda cha dobi alikuja mbio. "Nani alichambua mzigo huu?"

"Mimi," alisema Macho. Ndivyo walivyomwita, kwa kuwa hakuna kitu mfukoni kilichokuwa kikimpita.

"Hukuiona kalamu?"

"Niliiona."

Wenzake waligeuka kumtazama.

"Niliiona, bosi. Lakini nikisimama kupekua mfuko, bangili hii ya kupima kasi uliyotuvisha inalia. Ikilia mara tatu, nakatwa mshahara. Bangili haihesabu kalamu, inahesabu nguo. Basi nakupa nguo."

"Kesho asubuhi njoo ofisini! Tutaona nani mkubwa hapa."

Nyumbani, mumewe alishika kichwa. "Umemwaga unga, mke wangu. Kaombe radhi."

"Radhi ya nini? Ya kusema kweli?"

Wifi yake alikuwepo. Yeye ni mwakilishi wa wafanyakazi katika kiwanda cha sabuni. Alicheka. "Kaka, acha uoga. Mtu akichungwa kama mbuzi, hula kilicho mbele yake, basi. Ila wifi, umekosea jambo moja. Umesema peke yako, na kidole kimoja hakivunji chawa."

"Sasa tufanyeje? Tuzivunje bangili?"

"Hapana! Mkivunja, mmempa sababu. Nendeni wote, mkamuulize. Bangili inarekodi nini? Nani anaona taarifa hizo? Anazitumia kwa kazi gani? Kisha semeni mnachotaka."

Asubuhi wachambuaji na wapiga pasi wote waliingia ofisini.

"Mmeniletea maandamano?" bosi alifoka.

"Tumekuletea maswali," alisema Macho, akauliza yote matatu. Bosi alijikanyaga kwenye kila jibu. "Ukitaka mikono yetu tu, endelea na bangili. Ukitaka na macho yetu, tuvue hizi."

Bosi aliyatazama makoti yaliyorundikwa mlangoni. Alikubali shingo upande. Bangili zilivuliwa. Mzigo ungehesabiwa mwisho wa zamu, na kupekua mifuko kungekuwa kazi kama kazi nyingine.

Wiki hiyo hiyo Macho alitoa sindano mfukoni mwa koti kabla haijamchoma mtu. Mpiga pasi mmoja, bila kuulizwa, alimwonyesha bosi bomba linalovuja mvuke.

Hasara ni hii. Makoti ishirini yalitupwa. Macho alikatwa mshahara wa siku mbili kwa madoa yale, na hakurudishiwa. Na dada wa kukunja mashuka, fundi kuliko wote, alikuwa ameshaacha kazi, kwa sababu bangili ilimlilia kila alipokwenda chooni. Aliitwa arudi. Alikataa.