Ndege ya Mama Magodoro

Abiria zaidi ya mia walikuwa wamembana msichana mmoja wa kaunta, na kila mmoja alipiga kelele kwamba yeye ndiye mwenye haraka kuliko wenzake. Safari ya saa nne asubuhi ilikuwa imefutwa. Uchumi ulikuwa umeyumba, kampuni ya ndege imepunguza safari, na waliobaki chini waliambiwa wasubiri hadi kesho. Watoto walilia, masanduku yakagongana, na ukumbi mzima ulinuka jasho, manukato na kahawa iliyomwagika.

Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwanamke wa miaka thelathini na moja, amevaa gauni la rangi ya machungwa lililomkaa sawasawa, viatu vyake virefu kavishika mkononi, simu kaibana kati ya sikio na bega. Ofisini walimwita Bi Bei, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu ndege za kukodi, na hapakuwa na ndege mjini ambayo hakujua bei yake kwa saa.

"Hiyo bei kampe asiyekujua," alikuwa akisema. "Ndege yako imelala hapo tangu Jumatatu, haijaona mteja. Viti nane, navijaza vyote ndani ya nusu saa... Ehee! Umesema mwenyewe, usije ukanigeuka."

Akakata simu, akapanda juu ya sanduku lililokuwa karibu.

"Jamani! Kuna ndege ndogo ya viti nane, inaondoka saa tano na nusu! Tukigawana, kila mtu ataongeza nusu tu ya nauli aliyolipa! Nani anakuja?"

Watu sita walijitokeza kabla hajavuta pumzi. Pamoja na yeye mwenyewe, kikabaki kiti kimoja.

"Mimi hapa," ilisema sauti nyuma yake. "Ila kwanza ushuke kwenye sanduku langu. Ndani kuna suti ya harusi."

Bi Bei aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe lenye pasi ya kukata mkate, na tabasamu la mtu ambaye hajawahi kuchelewa maishani na sasa anaona utamu wake.

"Harusi yako?"

"Ya dada yangu. Yangu bado. Wewe ndiye wa kwanza kunipandia sanduku."

Watu wakacheka. Bi Bei akashuka, uso unamwaka moto, akajifanya anahesabu abiria.

Ndani ya ndege walikaa pamoja. Wakati wa kutua upepo uliwasukuma upande, mama mmoja akaanza kusali kwa sauti, na Bi Bei akajikuta ameukamata mkono wa jirani yake. Kijana wala hakutikisika. Alikuwa akinong'ona peke yake: "Vuta kidogo... bado... sasa." Magurudumu yakagusa ardhi palepale aliposema "sasa".

"Wewe ni nani?" Bi Bei akauliza.

"Rubani."

"Rubani gani anayepanga foleni na sisi?"

"Ndege ninayorusha si yangu, dada. Ni ya Mama Magodoro."

Bi Bei aliijua. Nani asiyeijua? Ilikuwa jeti nyeupe yenye mstari wa zambarau, mali ya mama aliyeanza kushona magodoro kwa mkono uani kwake na sasa alikuwa na kiwanda kizima.

"Mkono wangu utanirudishia leo," akamuuliza Kapteni, kama Bi Bei alivyomwita tangu siku hiyo, "au niuache hapa niende harusini na mmoja?"

Baada ya hapo simu hazikukauka. Asubuhi kabla ya kazi, mchana wakati wa chakula, jioni Bi Bei akiwa kwenye foleni ya magari na madirisha yamefungwa ili acheke kwa raha zake.

"Kwani wewe, Bi Bei," Kapteni alimuuliza siku moja, "unajua bei ya kila kitu. Na wewe mwenyewe kwa saa ni kiasi gani?"

"Sikodishwi."

"Afadhali. Maana mimi sikuwa na nia ya kukurudisha."

Jumamosi walitembea bustanini, yeye na gauni la maua, Kapteni na fulana aliyoifua mpaka ikapauka. Kapteni alikuwa na desturi ya kutazama juu kila ndege ikipita na kuitaja aina yake. Bi Bei alikuwa na desturi ya kutaja bei. Waliokaa benchi la jirani waliwaona vichaa. Lakini siku nyingine Kapteni alinyamaza katikati ya maneno, akasema, "Hii wiki ya tatu hatujaruka. Kazi yetu imekuwa kufuta vumbi."

Basi, Jumanne moja, mwanamke mfupi mwenye viatu vya chini na mkoba alioukumbatia kama mtoto aliingia ofisini kwa Bi Bei, akafunga mlango mwenyewe.

"Mimi ndiye wa magodoro," alisema. "Nataka uniambie ukweli. Ndege yangu inanifaa au inanila? Na sitaki mtu ajue, hasa watu wangu wa ndege. Wakisikia, watakimbia kabla sijaamua."

Bi Bei aliweka kalamu chini. "Mama, samahani. Rubani wako ni mtu wangu. Naomba kazi hii umpe mwenzangu."

"Mwenzako yupi? Yule anayepewa kamisheni na wanunuzi? Huyo atanishauri niuze hata kama nyumba inawaka na ndege ndiyo mlango." Mama Magodoro aliketi. "Nimeulizia habari zako. Wanasema unatoa ukweli hata ukikuumiza. Fanya kazi yako, mwanangu. Na mdomo wako uufunge."

Bi Bei alikubali. Kwa wiki mbili alifanya kila alichoweza ili ndege ibaki. Aliwapigia simu matajiri wote aliowajua, akiwaomba waikodi siku ambazo Mama Magodoro haitumii. Wengine walicheka. Waliokuwa wakikodi jeti nzima mwaka uliopita sasa walimwuliza kama kuna kiti kimoja kwenye ndege ya kugawana. Wengine walikuwa wakitafuta pa kuuzia za kwao, na kadiri wauzaji walivyoongezeka ndivyo bei ya jeti zilizotumika ilivyozidi kuporomoka. Wakati huo ndege ya zambarau ilikuwa imekaa chini, na iruke isiruke ilidai bima, maegesho, matengenezo na mishahara.

Alirudi kwa Mama Magodoro na kumwomba tena amwondoe kwenye kazi ile. Safari hii machozi yalimtoka juu ya mafaili. Mama akayavuta mafaili yake pembeni yasilowe, akasema hapana. Mwishowe Bi Bei aliandika alichokiona: iuze sasa kabla bei haijashuka zaidi. Safari chache zilizobaki, kodi ndege kwa saa au gawana viti na wengine. Akatia sahihi. Kapteni alipompigia mchana ule, alisema ana kazi nyingi. Keshoye akasema hivyohivyo.

Jumatatu simu yake iliita.

"Uko wapi?" Sauti ya Kapteni ilikuwa kavu.

"Ofisini, mpenzi."

"Usiniite mpenzi. Nimeitwa kiwandani asubuhi hii, karatasi ziko mezani, na chini kabisa kuna sahihi yako. Ninavyoijua ile sahihi! Kumbe muda wote nakusimulia habari za kazi yangu, wewe unaandika!"

"Sikuandika hata neno moja lililotoka kwako. Naapa. Hesabu zote zilitoka kwa—"

"Ulijua kwamba ni ndege yangu?"

Bi Bei alitazama dirishani. Mtu alikuwa akiosha gari huku akiimba.

"Nilijua."

"Basi imetosha."

Alipiga tena mara sita. Mara ya saba simu ilikuwa imezimwa. Jioni mama yake alimpigia kumsalimu, na kwa jinsi binti alivyoitikia salamu, mama akajua.

"Ni yule wa angani?"

"Ameniacha, mama."

"Ulimkosea?"

"Nilifanya kazi yangu."

"Mimi sikukuuliza habari za kazi. Ulimkosea?"

"Nilimficha," Bi Bei akasema.

"Ahaa. Basi lia, halafu ule, halafu utafute namna ya kumwambia hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

Alimwandikia ujumbe, akaufuta. Akaandika mwingine mrefu, nao akaufuta. Mwishowe akatuma maneno matatu: "Nilikosea kukuficha. Nisamehe." Jibu halikuja. Siku kumi na mbili zilipita. Alivaa sketi za kijivu, alisahau hereni, na kuna mteja alimtajia bei ya juu naye akasema sawa. Wafanyakazi wenzake walitazamana kwa hofu.

Siku ya kumi na tatu, saa tatu asubuhi, mlango wa ofisi ulifunguliwa. Kapteni aliingia akiwa na sare kamili, mistari minne begani, kofia kwapani. Alikuwa amekonda. Ofisi nzima iliacha kuchapa.

"Nimetoka kiwandani," alisema, bila salamu. "Nilikwenda kuchukua barua yangu ya kuachishwa. Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Yule mama hakunipa hata nafasi. Akanishika mkono, akanitembeza kati ya mashine. Wanawake wana pamba kichwani kama wazee wenye mvi, wanacheka, wanashona. Akaniambia, hawa ni mia tatu na arobaini. Benki ilitaka niwapunguze mia moja. Nikiuza ndege wanabaki wote, isipokuwa watatu. Wewe, msaidizi wako na fundi wenu."

Bi Bei alisimama taratibu.

"Nikamwuliza kwa nini alikutuma wewe," Kapteni aliendelea. "Akasema hukutumwa, ulilazimishwa. Kwamba ulimrudishia kazi mara mbili, na mara ya pili ukamlilia juu ya mafaili. Akasema hapendi kabisa watu wanaolilia karatasi zake."

Mtu mmoja kwenye meza ya nyuma alicheka, akazibwa mdomo na mwenzake.

"Alikwambia hayo ili unisamehe," Bi Bei alisema. "Lakini kuna ambalo yeye halijui. Siri yake nilipaswa kuitunza, sawa. Ila ningeweza kukwambia, 'Kapteni, kuna jambo siwezi kukwambia, nivumilie.' Maneno hayo tu. Sikuyasema kwa sababu niliogopa utaondoka."

"Na nikaondoka."

"Na ukaondoka."

"Bila kukusikiliza. Simu nimeizima kama mtoto." Alikuna kichwa. "Ujumbe wako niliusoma kila siku. Nilikuwa nashindwa nijibu nini, maana nilichotaka kusema kilikuwa kirefu. Bi Bei, kesho naipeleka ndege kwa mnunuzi. Viti tisa, vyote vitupu. Mama Magodoro amesema nisipokuchukua, nisirudi kumuaga. Utakuja?"

"Nina wateja kesho."

"Hana!" walipaza sauti wenzake wanne kwa pamoja.

Ukweli ni kwamba Bi Bei, pamoja na kujua bei ya kila jeti, hakuwahi kuruka na hata moja. Alipanda ngazi asubuhi ile na gauni la bluu na hereni zake ndefu, akagusa ngozi laini ya viti, akakaa hiki, akahamia kile, akajaribu vyote tisa. Mbele, Kapteni na msaidizi wake walikuwa wakicheka waziwazi. Walipopaa, mawingu yalikuwa chini yao kama pamba iliyotoka kiwandani, na kwa dakika arobaini hakufikiria bei ya chochote.

Mnunuzi alikuwapo, karatasi zikasainiwa, funguo zikakabidhiwa. Kapteni aliupapasa ubavu wa ndege mara mbili, akageuka bila kutazama nyuma.

Walirudi kwa ndege ya kawaida ya abiria, safu ya mwisho kabisa, jirani na choo. Bi Bei alikaa dirishani, Kapteni katikati amekunja miguu yake mirefu, na kwenye njia alikuwapo mama mmoja mnene, wasiyemjua, mwenye kilemba cha kijani na karanga mkononi.

"Nimepata kazi," Kapteni alisema. "Kwenye zile ndege ndogo za kugawana viti. Mshahara ni nusu ya ule wa zamani. Sitakuwa na jeti tena. Nakwambia mapema."

"Mbona unanitajia upungufu kama muuza gari la mtumba?"

"Kwa sababu nataka ujue unachokinunua." Akaanza kuhangaika kutoa kitu mfukoni, kiwiko kikampiga mama wa karanga. "Samahani, shangazi."

"Toa tu, mwanangu, toa."

Kilikuwa kisanduku kidogo chekundu. Kapteni alijaribu kupiga goti, lakini nafasi haikuwapo, akakwama kati ya viti nusu amekaa, nusu amesimama. Waliokuwa kwenye foleni ya choo wakasogea karibu.

"Nilikukasirikia siku kumi na tatu," alisema, "na zote nilikuwa nakutafuta nikusimulie nilivyokasirika. Sitaki tena kukasirika peke yangu. Nioe... hapana, nikuoe. Nimechanganyikiwa. Utakubali?"

Bi Bei alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

"Mjibu mwenzio, binti," alisema shangazi. "Hapa kuna watu wamebanwa."

"Nakubali," alisema Bi Bei. "Nakubali, Kapteni. Kaa chini usije ukavunjika."

Foleni ya choo ilipiga vigelegele hadi mhudumu akaja mbio akidhani kuna mgonjwa. Shangazi aligawa karanga kwa safu tatu.

Walipotua, kabla hata mlango haujafunguliwa, Bi Bei alimpigia mama yake.

"Mama, uko peke yako? Keti kwanza."

"Nimeketi. Sema upesi, moyo unaniruka."

"Nimeposwa."

"Na nani? Na yule aliyekukimbia?"

"Huyohuyo."

"Yuko hapo?"

"Yuko hapa, anashusha mabegi ya watu."

"Mpe simu."

Kapteni aliipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jumapili saa saba mchana uje nyumbani, uje na wakubwa wako. Na ukizima tena simu ya binti yangu, nitakuja mwenyewe kuiwasha."

"Ndiyo, mama," alisema Kapteni, amesimama wima kama anayepokea cheo, na Bi Bei akamshika mkono, wakashuka ngazi pamoja na watu wengine wote.