Konokono wa Kumi na Moja

Kifungo cha abakosi ya Nicolas, koti lililoamriwa na serikali, kilidondoka katikati ya soko la Baraka, kikabingirika hadi kwenye cherehani ya Pulchérie. Msichana akakikanyaga kwa kandambili. Alikuwa amejifunga liputa la manjano kiunoni.

"Papa, abakosi bila kifungo? Batakufunga."

"Shona basi, mupenzi."

"Mupenzi ya nani? Hata jina sikujue."

"Nicolas. Usiseme kwa nguvu, serikali ilikataza majina ya ubatizo."

Mwezi haukuisha wakawa hawaachani. Nicolas alikuwa amefanya kazi kwenye meli ya utafiti huko baharini, bandari ya Banana, akarudi na konokono kumi na mmoja wakavu, wadogo kama punje za mahindi, waliovuliwa kwenye tope la vilindini. Akamweleza wanavyowinda minyoo gizani na kuichoma kwa jino lenye sumu.

"Kadogo hivi, na kanaua?"

"Sawa vile we. Kadogo, na unaniua."

Profesa wa Kinshasa aliwataka bila tundu wala ufa. Bila hao, Nicolas hana kazi. Basi alipopanda lori kwenda Fizi, akihofia mashimo ya barabara yangewavunja konokono, alimwachia Pulchérie kikopo chao mkononi, mama wa msichana, Adolphine, akitazama. Mtaani kwao, kijana akifanya hivyo amekwisha kumchumbia msichana. Mwacha mila ni mtumwa: miaka ya ugenini ilikuwa imemsahaulisha.

Jumapili alirudi, akamkuta mlangoni mwa kanisa, blauzi nyeupe, konokono wote wamepangwa kifuani kama mkufu.

"Umebatoboa. Kazi yangu imekwisha."

"Si ulinipatia?"

"Nilikupatia uchunge tu."

Kanisa zima lilisikia. Pulchérie aliona aibu ya kufa, akaondoka.

Jumanne, Nicolas akiwa amekwisha kurudi Fizi, dereva wa lori alimfikishia kikopo. Konokono walikuwa wote, na hakuna aliyetobolewa. Kila mmoja alikuwa bado amefumiwa uzi mwembamba kama wavu. Nicolas alijiona mjinga kabisa. Akakimbilia phonie, redio ya misheni, akaomba Pulchérie aitwe upande wa Baraka; kila amalizaye kusema humwachia mwenzake zamu kwa "terminé".

"Ni mi. Nimekosa, unisamehe. Terminé."

"Nasikia. Na bantu kumi hapa banasikia. Terminé."

"Mama iko? Terminé."

"Iko nyuma yangu, ameshika kiuno. Terminé."

"Umwambie nakuja siku ya Samedi. Profesa atapata kumi. Ule wa kumi na moja nitakuwekea mu mukono, mama akiangalia. Sasa najua maana yake. Terminé."

Pulchérie alisogea kujibu. Mama Adolphine akamsogeza taratibu, akainamia mashine.

"Tumesikia, mutoto yangu. Terminé."